Safu ya Sita ya Jedwali la Mishahara

Kwa miaka kumi na mmoja Mbayo hakuhitaji saa ya kumwamsha. Upande wa pili wa ukuta, kabla ya jua kuchomoza, Mama Ngalula alikuwa akipiga donge la unga juu ya meza ya mbao, na kila pigo lilipita kwenye tofali likamfikia kitandani, likimhakikishia kwamba dunia ipo palepale alipoiacha jana. Kisha ilikuja harufu. Kisha sauti za wanawake wakicheka na kupangua mabati ya kuchomea mkate.

Mwezi wa tatu mwaka 1993 mapigo yale yalikoma. Mbayo aliendelea kuamka saa ileile. Kilichomwamsha sasa ni kimya chenyewe, na kimya kile hakikuwa na harufu wala kicheko, na hakikumruhusu kulala tena. Mkewe, Bilonda, alizoea kumkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo umeuelekea ukuta.

Mbayo alizaliwa Malemba-Nkulu, akasomeshwa na mapadri, akaja Kolwezi akiwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Kwa miaka kumi na minne aliandika mishahara ya wafanyakazi wa Kampuni ya mgodi. Macho yalipoanza kumsumbua aliacha kazi ya Kampuni, akaweka meza, mashine ya kupiga chapa na makasi katika chumba cha mbele cha nyumba yake pale Manika, akaanza kuwaandikia wafanyabiashara wadogo karatasi zao za kodi. Washonaji walimjia, wenye mashine za kusaga mahindi, wenye baa za viti sita. Vidole vyake vilikuwa vya buluu siku zote kwa sababu ya karatasi za kaboni, kwa kuwa kila alichokiandika alikitolea kopi. Mtaa mzima ulimwita Tata Kaboni, yaani Baba Kaboni.

Mama Ngalula aliingia mara ya kwanza mwaka 1982 akiwa na karatasi ya biro ya kodi, yaani ofisi ya kodi, mkono mmoja na ujiti wa kuchokonolea makaa mkono wa pili, kana kwamba angempiga nao aliyeiandika.

"Tata, nisomee hii. Banasema nilipe kodi ya feza yote yenye iliingia. Yote! Na ile nilinunua unga, ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yako, Mama. Lakini biro haijui. Uko na karatasi ya unga?"

"Karatasi? Feza ilitoka, unga ikaingia. Uliza mukate kama hakukuwa unga ndani."

Alikuwa mjane, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Baba yake alitoka jimbo la Kasai kuja kutandika reli huku Katanga, naye akaja akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuwa na kumbukumbu ya mahali pengine popote isipokuwa Kolwezi.

Mbayo alimkalisha. Akamweleza kwamba kodi haitakiwi kukatwa kwenye kila kinachoingia, inakatwa kwenye kinachobaki baada ya kuondoa gharama za kazi. Lakini si kila gharama inaondolewa. Akampa swali moja la kujiuliza kwa kila kitu: bila hii, mkate ungetoka kwenye foru, yaani tanuri? Unga, ndiyo. Hamira, chumvi, makaa, ndiyo. Pango la chumba cha foru, ndiyo, ila si la chumba anacholala. Mishahara ya wanawake wanaokanda, ndiyo. Mkokoteni wa kupeleka mikate sokoni, ndiyo.

"Na mukate yenye batoto bangu banakula?"

"Ile hapana. Ile ni nyumba, si kazi."

"Na nguo?"

"Hapana."

"Basi nitauzisha mukate butupu, tuone kama biro itafurahi."

Bilonda alicheka kutoka jikoni. Mbayo naye, ambaye hakuwa mtu wa kucheka kazini, alilazimika kuvua miwani na kuifuta.

Kuhusu mlango wa chuma wa foru, alioununua kwa pesa nyingi mwaka uleule, alimwambia kwamba kitu cha kutumika miaka kumi hakiondolewi chote mwaka mmoja. Kinagawanywa, kipande kila mwaka. Alitarajia ubishi. Mama Ngalula akaitika kwa kichwa mara moja. "Kama mukate mukubwa. Haukule yote siku moja."

Palipomshinda Mbayo ni kwenye mikate ya askari. Kila asubuhi askari wa kizuizi cha barabarani walichukua mikate mitano. Mama Ngalula alisema bila mitano ile mingine haifiki sokoni, kwa hiyo ni gharama ya kazi, au Tata Kaboni ana maoni mengine? Mbayo alijua kwamba ana haki. Lakini hakuna askari ambaye angeweka kidole gumba kwenye karatasi. "Kuna gharama za kweli zisizo na karatasi, Mama," alimwambia. "Na gharama isiyo na karatasi, mbele ya biro, haikutokea."

Aliisema kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona mafaili mengi. Miaka mingi baadaye sentensi hiyo ilimrudia, na haikumwacha.

Basi wakaanza kazi. Kwa wauza makaa wasiojua kuandika, Mbayo alitengeneza karatasi ndogo, nusu ya kiganja: tarehe, magunia mangapi, bei, jina, avenyu, na mahali pa kidole gumba. Mama Ngalula alizichoma kwenye msumari uliopigiliwa kando ya foru, na kila mwisho wa mwezi alimletea Mbayo msumari mzima kama mtu anayeleta samaki kwenye kijiti. Kodi yake ilishuka. Akaongeza mfanyakazi, kisha wa pili, mpaka wakawa wanawake saba.

Mwaka 1989 alikuja mkaguzi mpya. Akafungua faili la bulanjeri, yaani duka la kuchoma mikate la Mama Ngalula, akafika kwenye mishahara, akapiga mstari mwekundu juu ya yote, kwa kuwa kila mfanyakazi aliandikwa kwa jina moja tu. Odile? Kuna kina Odile wangapi Kolwezi? Watu wasiojulikana si watu, alisema, ni majina tu ya kukwepea kodi. Mwaka huo Mama Ngalula alilipa kodi kana kwamba alikanda mikate yote peke yake kwa mikono yake miwili, na ilimbidi auze mashine yake ya cherehani.

Mbayo aliona aibu kuliko yeye. Alifunga mlango siku mbili akachora jedwali. Safu ya kwanza namba, ya pili jina kamili, ya tatu kazi, ya nne avenyu na namba ya nyumba, ya tano mshahara. Hayo yalitosha. Mkaguzi hangeweza kutaka zaidi. Lakini Mbayo alikuwa ameandika miaka kumi na minne katika biro ya mishahara ya Kampuni, ambako kila jedwali lilikuwa na safu moja zaidi upande wa kulia, na jedwali lisilokuwa nayo lilionekana kwake kama shati lisilo na kola. Akachora mstari wa mwisho. Juu yake akaandika: *Asili*. Wilaya ya baba, kijiji cha baba, kama ilivyo kwenye kitambulisho.

Hakuna aliyemwomba safu ya sita.

Wanawake walileta vitambulisho vyao. Ndaya alikuwa wa mwisho. Alikuwa msichana mwembamba, mkandaji bora kuliko wote, ameolewa na Ngoy, dereva wa lori la mgodi, mtu wa Bukama. Aliongea Kiluba cha wakwe zake bila kukwama, na majirani zake waliamini kwamba ni mtoto wa Kabongo, mji wa Katanga. Alisimama mbele ya meza akikishika kitambulisho kwa vidole viwili.

"Tata, hii ya asili, ni lazima?"

"Ni juu ya mushahara yako ikubaliwe, mama."

"Ku nyumba hakuna mutu anajua. Bule yangu peke yake njo anajua." Bule, yaani mumewe.

Mbayo alisoma kitambulisho. Baba wa Ndaya alikuwa mtu wa Ngandajika, Kasai. "Itabakia kati yangu na biro," alisema. Akaandika.

Mwaka uliofuata mkaguzi alilisoma jedwali, akalisoma tena, akasema kama wote wangeandika hivi kazi yake ingekuwa nyepesi. Mishahara yote ilikubaliwa. Mama Ngalula alimletea Mbayo mkate wa sukari mrefu kama mkono wa mtu, na Mbayo alikula mkate huo siku tatu, kipande asubuhi na kipande jioni, kwa kiburi ambacho alidhani ni njaa.

Kisha nchi ikaanza kuporomoka, na Kolwezi iliporomoka kutoka chini kwenda juu. Mgodi ulibomoka, shaba ikapungua, Kampuni ikalipa nusu, ikalipa robo, ikaacha kulipa. Askari walipora maduka. Halafu maneno yakaanza kutoka kwenye redio na kwenye mikutano: kwamba wamekuja wageni, wamekula kazi za wenyeji, na siku ya kurudi kwao imefika. Wageni hao, wenye asili ya Kasai, walikuwa ni watu waliozaliwa katika hospitali ileile, waliobatizwa kwenye beseni lilelile. Vijana wa chama kilichohubiri hayo walipita barabarani wakiimba.

Omer, mdogo wake Bilonda, alikuwa mmoja wao. Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi ya upishi kwenye kantini, naye alikuwa amezunguka miezi kumi na minane bila kitu cha kufanya na mikono yake. Chama kilimpa kitambaa cha kufunga kwenye mkono na daftari. Jumapili moja baada ya misa alikuja kula kwa dada yake. Bilonda aliweka bukari, yaani ugali, sombe la majani ya muhogo na samaki. Omer alinawa, akala, akasifu samaki, kisha akasema bila kuinua macho kwenye sahani:

"Shemeji, we njo unaandikaka bale ba ku bulanjeri. Utupatie ile liste."

"Liste? Majina ya nani?"

"Ya bale bamama. Tuko tunahesabu tu. Hatutaki tukosee mutu."

"Mama Ngalula munamujua. Muulize yeye mwenyewe."

"Mama Ngalula kila mutu anamujua! Bengine njo hatuwajue muzuri." Omer alilamba vidole. "Ao na we shemeji uko mu-Kasai wa kujificha? Unakulaka mukate yabo kila siku. Bantu beko banasema."

"Omer," Bilonda alisema. "Unakula kwangu, unamutisha bwana yangu?"

"Mi namutania, dada Bilonda. Shemeji anajua kama namutania."

Mbayo aliinuka. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka ni nini hasa alichokiwaza kati ya meza ya chakula na kabati la mafaili, hatua tisa. Aliwaza kwamba nakala ya kwanza iko kwenye biro ya kodi na mtu yeyote mwenye kitambaa cha mkono angeweza kuidai huko. Aliwaza kwamba ana watoto wanne. Aliwaza kwamba kila mtu anajua tayari. Alifungua faili, akaitoa kopi ya kaboni, na macho yake yakaenda yenyewe kwenye mstari wa saba, upande wa kulia: *Ngandajika*. Hapo alijua kwamba si kila mtu anajua.

Makasi yalikuwa juu ya meza. Safu ya sita ilikuwa ya mwisho, upana wa vidole viwili. Ingekatika mara moja, na Omer, ambaye hakuwahi kuliona jedwali lile, asingejua kwamba kuna kitu kimekosekana.

Hakuyagusa makasi. Hata kuogopa hakuogopa sana kwa wakati ule, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi baadaye. Alitaka tu Omer aondoke, chakula kiishe, Jumapili iendelee. Na kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kutoka kwenye kabati lile bila kuandikwa, alifungua daftari lake la karatasi zinazotoka, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Kopi ya jedwali la mishahara, bulanjeri ya Mama Ngalula, mwaka 1992. Imechukuliwa na Omer.* Akaweka tarehe. Akamgeuzia Omer daftari, akampa kalamu.

Omer alicheka sana. "Shemeji, we uko mutu wa biro mpaka kaburi!" Akaweka sahihi yake yenye mkia mrefu.

Siku tatu baadaye vijana wa chama walikuja mchana, kwa wimbo. Mama Ngalula alipewa muda wa saa moja awe ameondoka. Alitumia nusu yake kutoa mikate iliyokuwa kwenye foru, akisema hawezi kuacha mkate uungue, ni dhambi. Mbayo alisikia yote kupitia ukutani. Hakutoka. Jioni Bilonda aliingia kutoka sokoni akasema: "Balienda na kwa Ndaya." Kisha akaongeza: "Mutoto balikatala aende naye. Banasema mutoto ni wa baba, ni mu-Katanga. Ule mutoto ana miezi nane, Mbayo."

Maelfu ya watu walikaa kwenye stesheni wakingoja treni za kwenda Kasai. Walikaa wiki nzima, wiki mbili, chini ya maturubai na mashuka, na wengine walizikwa pale bila kuona treni. Siku ya nane Mbayo alichukua mkoba wake, akaenda. Njiani alijipangia maneno. Atasema: Mama, ni mimi. Hayakuwa maneno mengi.

Mama Ngalula alikuwa ameshona kibanda kutoka kwenye magunia yake ya unga. Alikuwa amekonda mabega, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Tata Kaboni! Umekuya kunilipisha kodi mpaka na huku?"

Watu walicheka, kicheko kikavu. Akamvutia Mbayo sanduku akae. "Tena umekuya muzuri, niko na swali. Bintu byenye balibeba: ile foru, yale mabati, meza. Bile ni sharji, ao haiko sharji? Juu ya kazi bilikuwa bya kazi."

Lingekuwa jambo rahisi kufa pale pale. Mbayo alifungua mkoba badala yake. Akasikia sauti yake ikieleza kwamba ndiyo, ni sharji, gharama kama nyingine: mali ya kazi iliyopotea kwa nguvu ya watu wengine inaondolewa kwenye pato, mradi iandikwe, kwa idadi na thamani, pawe na shahidi. Na mlango wa foru, wa kwanza ulishakwisha vipande vyake kumi, lakini ule mpya wa mwaka juzi ulikuwa umebakiza nane.

"Basi andika. Siku moja nitabarudishia hii karatasi ku pua. Mulango, moja. Mabati, makumi ine. Meza, tatu, moja mguu wake ulikuwa mubaya, andika vilevile, mi sitaki uongo mu bintu byangu."

Mbayo aliandika. Kando ya magunia aliketi Ndaya, kitenge kimelowa kifuani pande mbili, macho kwenye reli. Mama Ngalula alipotulia kufikiri, Ndaya alisema bila kugeuka:

"Na mutoto, Tata, banamuandikaka ku safu gani?"

Kalamu ya Mbayo ilisimama. Mama Ngalula akamshika Ndaya shingoni, akakivuta kichwa chake begani mwake, akasema kwa sauti ya chini ambayo Mbayo hakuwahi kuisikia kwake: "Nyamaza, mama. Nyamaza." Kisha kwa Mbayo: "Huyu hata bakwe zake habakujua. Kuko mutu alisema. Na mi namujua."

Alikuwa bado hajamaliza kusema alipotokea Odile, amebeba beseni la bukari kichwani, jasho linamtoka. Odile alikuwa mwenyeji, mtu wa Sandoa, ndiye pekee kati ya wale saba aliyebaki na kitanda chake. Alikuwa mpambaji wa mikate na mtani wa bulanjeri yote. Alishusha beseni.

"Nimechelewa, bamama, ku barriere ya baaskari balitaka kulamba kwanza."

"Rudia nayo," alisema Mama Ngalula.

"Nini?"

"Rudia na bukari yako. We njo ulimuuza Ndaya. Nani mwingine alikuwa anajua? Mulikuwa munalala naye mu kitanda moja wakati ya kilio cha mama yako. Alikuambia."

Odile alikana. Aliapa kwa mama yake aliye kaburini. Aliapa kwa Bikira. Watu waligeuka kutazama. Ndaya hakugeuka. Ndipo Odile, akitafuta mtu, akamwona Mbayo na kalamu yake.

"Tata Kaboni. We unanijua. Nilikaa nyuma ya ukuta yako miaka tisa. Sema."

Kila mtu alimtazama Mbayo. Maneno yalikuwa pale, mafupi, aliyoyapanga njiani. Yangeanguka kama jiwe na kwisha. Aliona jinsi uso wa Mama Ngalula ungebadilika, na jinsi asingekaribishwa tena kwenye lile sanduku.

"Hii mambo ni magumu, bamama," alisema. "Tusihukumiane hapa."

Ndivyo alivyosema. Odile alimwangalia kidogo zaidi, akabeba beseni, akaondoka akiyumba kati ya mizigo ya watu. "Tulifika wapi?" aliuliza Mama Ngalula. "Magunia ya unga. Andika kumi na moja."

Treni yao iliondoka siku nne baadaye. Mbayo aliipeleka orodha ile kwenye biro ya kodi pamoja na karatasi za mwaka, zote zimekamilika. Karani aligonga muhuri bila kusoma.

Omer alichukua bulanjeri, akachoma mikate miezi mitano, unga ukaisha, akauza mlango wa foru kwa mtu wa Fungurume. Ila Odile ndiye aliyelipa. Hakutukanwa na mtu. Ilikuwa mbaya zaidi: alisifiwa. Habari za stesheni zilikuwa zimefika mtaani, na vijana wa chama walipomwona walimpigia makofi. "Dada Odile, ulifanya muzuri! Ulitusaidia!" Alikataa, wakadhani ni unyenyekevu. Akaacha kwaya, kisha akaacha kupita barabara kubwa. Mbayo alimwona mara kwa mara akikata kona kwa mbali, na kila mara alisema moyoni kwamba kesho atamwita. Naye yule mtoto wa Ndaya aliyebakizwa, Tatiana, alikua, akaanza shule, akapita mbele ya dirisha la Mbayo kila asubuhi akiwa ameshika mkono wa mke mpya wa baba yake.

Miaka saba ilipita hivyo. Siku moja mchana Odile aliingia mwenyewe. Alikuwa amefungua kibanda cha vitumbua karibu na soko, biro ya kodi imemwandikia, na aliyejua kazi hiyo Manika bado alikuwa mmoja tu. Alileta karatasi zake zimechomwa kwenye msumari.

"Nilijifunza kwa Mama," alisema kwa ukavu.

Mbayo alizipitia. Mafuta, ndiyo. Sukari, ndiyo. Makaa, kila gunia na kidole chake. Hakukuwa na kosa. Alikuwa ameajiri mwanamke mmoja, kwa hiyo ikabidi jedwali. Mbayo alichora mistari. Namba, jina, kazi, avenyu, mshahara. Akaweka rula chini.

Odile aliitazama karatasi. "Na ile ingine? Ile ya mwisho, ya asili. Kwa Mama ilikuwaka sita."

Nje mtu alipita akiuza maji. Mbayo alivua miwani, na bila miwani uso wa Odile ukawa doa tu, na pengine ndiyo sababu aliweza.

"Ni ile njo ilimuuza Ndaya," alisema. "Haikuwa wewe. Ilikuwa hii jedwali. Omer aliiomba, mi nikamupa. Nilikuwa najua kama iko ndani. Na ku gare, pale stesheni, nilikuwa najua."

Odile hakupiga kelele. Aliinua mkono unaonuka mafuta na sukari, akaonyesha juu ya meza.

"Makasi hii ilikuwaka hapa ile siku?" aliuliza.

"Ilikuwa hapa."

"Nikiwaambia, nani ataniamini? Watasema nimekuhonga vitumbua." Alicheka kidogo bila furaha. "We mwenyewe ulitufundisha. Kitu bila karatasi haikufanyika."

Mbayo aliinuka. Hatua tisa. Alitoa daftari la zamani la karatasi zinazotoka, akafungua mahali ambapo daftari lilifunguka lenyewe, kwa kuwa lilikuwa limefunguliwa hapo mara nyingi. Tarehe, maelezo, sahihi yenye mkia mrefu. Chini yake aliongeza mistari mitatu: kwamba safu ya asili aliiongeza yeye bila kuombwa, kwamba Odile hakusema neno kwa mtu, na kwamba yeye, Mbayo, alinyamaza stesheni akijua. Akaandika jina lake, avenyu na namba ya nyumba. Kisha, ingawa anajua kuandika, akasugua kidole gumba kwenye kaboni, akakibandika.

"Kata," alisema Odile, akamsogezea makasi.

Aliukata ukurasa.

Ukurasa ule ulisafiri kwenda kwa Mama Ngalula na Asani, msafirishaji anayepeleka chumvi na samaki wakavu hadi Kasai. Odile alimlipia nauli ya barua kwa pesa yake mwenyewe, akadai risiti. Asani alirudi baada ya miezi mitano. Kwa Odile alileta ujumbe wa mdomo: Mama Ngalula anaomba amsamehe, na siku atakayokwenda, kitanda kipo. Odile alisikiliza amesimama mbele ya kikaango, vitumbua vikaungua vyote, akavitupa, akaanza upya.

Mbayo alimngoja Asani kwenye kona. "Na kwangu?"

"Hakusema kitu, mzee. Karatasi alisomewa, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo. Nilimuuliza mara mbili: nimuambie nini Tata Kaboni? Akaniuliza kama unga ya kule iko bei gani."

Mbayo alirudi nyumbani. Bado anaandikia watu karatasi zao za kodi, kwa jedwali la safu tano.

Mama Ngalula yuko Mwene-Ditu, huko Kasai, nyumba ya tatu nyuma ya stesheni. Ana foru ya udongo isiyo na mlango wa chuma, anachoma mikate mia mbili kwa siku, na anayekanda ni Ndaya.